Kadi Isiyodai Mchango

Kwetu kadi ikifika nyumbani, watu wazima hutafuta kwanza kiasi. Kadi ya mchango hutangulia. Ya mwaliko hufuata, nayo husema kama utaingia peke yako au na mwenzako. Ndiyo desturi yetu, na imesaidia harusi nyingi. Lakini mtoto mdogo haijui. Yeye akikupa kadi, anataka uje.

Niliona hilo likizo iliyopita. Mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka 6, na dada akanikabidhi yeye na wadogo zake wawili ili wasimsumbue jikoni. “Frateri, wewe una falsafa, kaa nao.”

Tulinunua karatasi 2 za manila, ya njano na ya bluu. Kila moja tuliikunja mara tatu, tukakata kwa mkasi, tukapata vipande 16. Mwenye miaka 3 alichovya kidole gumba kwenye rangi na kukigandamiza kwenye kona ya kila kadi. Wa miaka 4 alichora keki, ambayo kwake ni duara lenye vijiti. Mwenye sherehe aliandika majina, na hapo ndipo muda ulipokwenda. Kila herufi ilikuwa kazi, na huku akiandika alimzungumzia mwenye jina: huyu anajua kuruka kamba, huyu huniazima ufutio, huyu mama yake anaumwa.

Kadi ya 11 akaandika jina la mtoto wa jirani. Familia zetu hazisalimiani tangu mwaka jana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Dada alikuja, akasoma.

“Huyo mwache,” alimwambia binti yake.

“Mama, si ndiye alinishika mkono siku ya kwanza ya shule?”

Dada hakujibu. Alirudi jikoni, na kadi ikabaki mezani pamoja na nyingine.

Siku ya sherehe mtoto yule alikuja na penseli mpya, ameifunga kwa karatasi ya daftari. Jioni mama yake alikuja kumchukua, akasimama nje ya uzio. Dada alimpelekea sahani ya pilau. Walisalimiana, basi. Mgogoro wa kiwanja haujaisha.

Darasani tunasoma kwamba Aristotle alitofautisha urafiki wa faida, wa raha na wa wema. Kadi zetu nyingi zinaishia kwenye ule wa kwanza: nilimchangia, naye atanichangia. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamwambia mwenyeji wake asiwaalike wale watakaomwalika nao, bali wasio na cha kumrudishia. Kwa kawaida tunawafikiria maskini, na ni sawa. Lakini hata jirani mliyegombana naye hutarajii kadi yake. Kumwalika ni kutoa bila hesabu.

Ndugu msomaji, siku ya kuzaliwa ya mtoto ikikaribia, nyumbani au katika kikundi cha Utoto Mtakatifu, nunua manila na kalamu za rangi, ukae naye mezani. Mwache aandike majina kabla hujamsomea orodha yako. Akifika kwenye jina ambalo wewe usingeliandika, mshikie karatasi isiteleze, amalize.