Kufuli Si Mahakama

Kila wiki kuna mtu anapost stori ya landilodi mbaya, na mimi huzisoma zote. Nyingi ni za ukweli. Lakini leo sikieni upande ule mwingine, maana mathe wangu ni landilodi, na mimi ndiye hushika simu wapangaji wakipiga.

Kwanza toa kwa akili ile picha ya mzee wa gari kubwa na kitambi. Mathe aliuza mitumba Gikomba miaka mingi, akachukua mkopo wa Sacco, akajenga bedsita 8 Kahawa West. Kila moja ni 7,000. Zikijaa na kila mtu alipe, ni 56,000 kwa mwezi. Doo safi, sindio?

Sasa anza kutoa. Mkopo, 30,000. Keateka, 6,000. Halafu KRA wanataka asilimia 7.5 ya kodi yote uliyokusanya, kabla hujatoa gharama yoyote, na inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni 4,200. Zinabaki 15,800, na hujalipa maji, taka, gari la majitaka wala fundi wa paa. Na huo ni mwezi mzuri. Mpangaji mmoja akikaa miezi mitatu bila kulipa, 21,000 imeenda. Sacco nao hawajui stori ya mpangaji wako.

Hiyo ndiyo ilitupata mwaka jana na msee wa namba 5. Si mtu mbaya. Alikuwa anauza kava za simu tao, biashara ikalala. Mwezi wa kwanza aliomba muda, tukampa. Wa pili akaacha kushika simu. Wa tatu akawa anaingia usiku wa manane na kutoka kabla kuche.

Marafiki wa mathe wa chama, wote wakiwa na ploti, walimwambia kitu kimoja: piga kufuli. Mwingine akasema kufuli ni huruma, toa mlango kabisa. Fundi alikuwa tayari, 500 tu.

Mimi nilikataa, na nilikuwa nimesoma kabla ya kukataa. Huwezi kumtoa mtu kwa nyumba anayoishi kwa nguvu zako mwenyewe hata kama ana deni lako. Unampa notisi ya maandishi, na kama analipa kwa mwezi, hiyo notisi isipungue mwezi mmoja. Akigoma kutoka, unaenda kortini. Kushika vitu vyake kwa sababu ya deni pia kuna utaratibu, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Si wewe kubeba TV ya mtu ukisema ni yako mpaka alipe.

Mathe aliniuliza swali moja tu: "Na hiyo korti ni pesa ngapi?"

Hapo ndipo kuna shida yenyewe. Kenya tuna Rent Restriction Tribunal, baraza la kusikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba. Lakini sheria inayoliongoza ni ya 1959, na inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Niambie, Nairobi hii, wewe unajua bedsita ya 2,500? Sisi wa 7,000 tunaambiwa twende korti za kawaida, tutafute wakili, tungoje tarehe. Kwa deni la 21,000? Wakili anaweza kumaliza hizo pesa kabla kesi itajwe.

Kwa hivyo watu wanaokota kufuli. Na mpangaji aliyefungiwa bila haki naye hana pa kukimbilia kwa haraka, analala kwa beshte yake na kupost. Pande zote mbili zimefungiwa nje.

Yule msee tulimwandikia notisi, tukakaa chini, tukaandika mpango wa kulipa na wote tukatia sahihi. Alilipa 10,000, mwezi ukaisha, akahama na godoro lake mchana watu wakiona. Dipoziti ya 7,000 ikabaki kwetu. Lile deni lingine mathe alilimeza. Haki yake ilimgharimu, na hakuna ofisi itamrudishia.

Maoni yangu ni haya. Bunge lipandishe hicho kikomo cha 2,500 kifike kwa nyumba tunazoishi kweli, kesi ndogo za kodi zisikizwe haraka bila wakili. Kabla hapo, kama wewe ni mpangaji na umekwama, ongea mwezi wa kwanza, usizime simu. Kama una ploti ama unaota kujenga moja, andikiana na kila mpangaji kabla hujampa funguo, na uweke risiti zote.

Na ukiambiwa kufuli ni ya 300 pekee, kumbuka ndani kuna mtu.