Kutoka Mtowisa Hadi Nairobi, Tukimfuata Van Damme

Wapenzi wanaoishi mbalimbali hawakosi ujanja wa kupoza upweke. Wapo wanaolala na simu sikioni mpaka chaji iishe. Wapo wanaotumiana picha za sahani, kila mtu na ubwabwa wake. Mimi na mume wangu ujanja wetu ulikuwa tamthilia. Mimi niko Dar es Salaam, yeye ni mwalimu wa sekondari kwao Mtowisa, kule bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima ya Lyambalyamfipa. Kati yetu kuna zaidi ya kilometa 1,000. Basi kila mwisho wa mwezi akipanda Sumbawanga mjini kwa shughuli zake, alikuwa anapakua sehemu nne tano, anazijaza kwenye flashi na kushuka nazo bondeni. Jumamosi saa tatu usiku kila mtu anabonyeza kwake. Ikiisha tunapigiana simu, mtandao ukikubali.

Tamthilia yenyewe ni Sense8. Kama hukuiona, ni ya sayansi ya kubuni, lakini usitegemee vyombo vya angani wala watu wa kijani. Wanane wasiofahamiana, waliozaliwa wakati mmoja sehemu tofauti za dunia, ghafla wanaanza kuhisiana. Huyu akila, yule anaonja. Huyu akilia, yule machozi yanamtoka akiwa kazini na hajui kwa nini. Waliitunga Lana na Lilly Wachowski, wale wa The Matrix, pamoja na J. Michael Straczynski, na Netflix ilianza kuionyesha Juni 2015. Ilisimamishwa Juni 2017, mashabiki wakapiga kelele dunia nzima, ikatolewa sehemu moja ya kumalizia ya zaidi ya saa mbili, Juni 2018. Sisi tumeichelewa, lakini mapenzi ya flashi hayana tarehe.

Sasa fikiria mtu na mume wake wako mbali halafu wanaangalia kitu kama hicho. Dada wa Seoul anasimama ndani ya matatu ya Nairobi bila nauli wala pasi ya kusafiria! Mimi kumwona mwenzangu ni siku nzima ya basi na kitu juu, miguu ikivimba.

Ila kwa mume wangu kilichomnasa siyo hayo ya kuhisiana. Kilichomnasa ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, kijana anayeishi Kibera na mama yake mgonjwa, ambaye anamhusudu Jean-Claude Van Damme mpaka gari lake kaliita Van Damn. Mwalimu aliruka kitandani. Huyo ni yeye! Utoto wake wote pale Mtowisa ulikuwa kibanda cha video chenye jenereta, turubai limezibwa dirishani, watoto wamebanana chini kwenye vumbi wakimwangalia Mbelgiji yule akipasua miguu hewani. Bloodsport ya mwaka 1988 iliwafikia wao miaka mingi baadaye, na haikupungua utamu. Baadaye ndiyo zikaja zile zenye sauti ya Lufufu, anayekutafsiria na kukutania humo humo. Alisema hajawahi kuona tamthilia ya Wamarekani inayojua jambo hilo, kwamba huku kwetu Van Damme alikuwa mtu wa familia.

Likizo ya Juni ilipofika, wenzetu walikuwa wanapanga Zanzibar. Sisi tukapanga Nairobi. Tukakutana Dar, tukapanda basi la Namanga.

Niliyoyajua kabla ya safari ni haya. Sizoni ya kwanza ilipigwa katika miji tisa halisi, na Nairobi ni mmojawapo. Siyo kwamba walijenga Nairobi ya maboksi mahali pengine. Sehemu za Nairobi za sizoni hiyo ziliongozwa na Tom Tykwer, Mjerumani ambaye tayari alikuwa mwenyeji pale. Yeye ni mmoja wa waanzilishi wa One Fine Day Films, waliosimama nyuma ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Na kuna kichekesho hapa. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ile filamu fupi ya Mkenya ya mwaka 2009 kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye iliyokauka maji, ilipigwa Afrika Kusini. Wa kwetu anahama kwenda kutengeneza kesho yetu, wageni wanakuja kwetu kutengeneza ya kwao.

Usitegemee kibao cha kukuelekeza. Cardiff, kule Wales, mashabiki wa Torchwood walimtengenezea mhusika wao Ianto Jones ukuta wa kumbukumbu baada ya kuuawa kwenye hadithi mwaka 2009, watu wanabandika maua na barua kama vile kuna maiti ya kweli. Nairobi hakuna kitu hicho, na sababu ni rahisi tu: mahali penyewe palipopigwa hadithi ya Capheus ni matatu, na matatu haikai. Utaiwekea kibao wapi?

Kwa hiyo tukaamua kupanda. Neno matatu lenyewe limetoka kwenye nauli ya zamani, vipande vitatu vya senti kumi. Wapenzi wa magari haya watakuambia mwaka 2004, waziri John Michuki alipoyabana: mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Mikanda sikuiona sana, ila urembo umerudi kwa fujo. Zile zilizopambwa kupita kiasi wanaziita nganya. Tulipanda moja ya Rongai iliyochorwa nyuso za wanamuziki na wacheza mpira kuanzia mbele mpaka nyuma, skrini kila upande, muziki unaoingilia kifuani na kutokea mgongoni. Makanga ananing'inia mlangoni kama hana familia. Daladala zetu, samahani, ni magari ya msibani.

Nikamuuliza makanga kama amewahi kusikia matatu iitwayo Van Damn. Akacheka. "Hiyo ni ya sinema, madam. Lakini hata hii ni sinema."

Kwa kweli hapo niliridhika. Na ndipo nikaona tamthilia ilichokosa. Humo ndani kila mtu anaongea Kiingereza, makusudi, ili mtazamaji asikie kama wao wanavyosikiana. Naelewa. Lakini matatu isiyo na Sheng, isiyo na makanga anayekutukana kwa upendo, ni gari tu lililopakwa rangi. Capheus mwenyewe alichezwa kwanza na Aml Ameen wa London, kisha sizoni ya pili Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mkenya Paul Ogola yuko pembeni akicheza rafiki yake, Jela, na mimi kila akitokea nilikuwa namwangalia yeye.

Siku ya tatu ilikuwa ya Kibera. Hapo ndipo tulipogombana.

Nilikuwa nimeshapata mtu wa kututembeza. Wapo wengi, na wanakuja watu kutoka Ulaya na kamera zao. Kibera ilianza na wanajeshi wa Kinubi waliopewa ardhi pale enzi za Mwingereza, reli ikapita katikati, na miaka ikasukuma watu humo. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba wanaishi watu milioni moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ikahesabu 170,070. Hata idadi yao watu walijitungia!

Tulipofika barabara kubwa upande wa Olympic, mume wangu akasimama. Akasema yeye haingii.

"Mwalimu, tumetoka mbali yote hiyo."

"Barabarani nimepanda, chai nakunywa, mtu akinikaribisha kwake naingia. Lakini kwenda kuangalia nyumba ya mtu kwa sababu ni mbovu, hapana. Wewe ungependa watu wa Masaki waje Mtowisa kupiga picha choo cha mama?"

Nilimjibu kwamba sisi siyo Wazungu, kwamba tumekuja kwa ajili ya hadithi na siyo umaskini. Akaniuliza nimeshaona wapi hadithi hiyo bila umaskini wake. Yule kijana wa kututembeza alikuwa anatusikiliza kwa adabu, Kiswahili chetu kikimfurahisha. Nikamlipa nusu siku yake, tukakaa wote watatu kwenye kibanda cha chapati na maharage. Akatuambia yeye Sense8 hajaiona, ila Van Damme anamjua vizuri sana. Basi! Hapo mume wangu na yeye wakaanza, ngumi kwa ngumi, filamu kwa filamu, mpaka mama wa chapati akaingilia kusema Van Damme si kitu kwa Bruce Lee. Nilikaa kimya saa nzima. Sijawahi kumwona mwenzangu ameongea vile na mtu asiyemjua.

Jioni, ndani ya matatu ya kurudi mjini, aliniinamia sikioni kwa sababu ya muziki.

"Kamera haijafika Mtowisa, na sidhani kama itafika. Wewe utakuja lini? Sisemi siku tatu za sikukuu."

Alikuwa hajaniuliza waziwazi tangu tuoane, miaka miwili. Kazi yangu siku hizi nusu naifanyia nyumbani, na analijua hilo. Nikamuuliza mtandao unashika wapi vizuri. Akasema nyuma ya shule, chini ya mwembe. Nikamuuliza umeme. Akasema unakuja, unakwenda. Nikamuuliza ule mteremko, mvua zikikolea, unapitika miezi gani. Akainua mkono mbele ya taa za rangi za yule makanga, akaanza kunihesabia kwa vidole kuanzia Mei.