Mgeni Katika Mji wa Vilima



Wengi mmetuuliza habari za hija yetu ya Namugongo, mahali alipochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga pamoja na wenzake tarehe 3 Juni 1886. Juma hili tungependa kuwasimulia siku iliyotangulia, siku tuliyoingia Kampala kwa mara ya kwanza.

Tuliondoka Muleba usiku, tukawachukua wenzetu wa Bukoba mjini, tukavuka mto Kagera pale Kyaka, na alfajiri tukawa mpakani Mutukula. Karibu nasi aliketi mama mzee ambaye mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu, alikimbia Kyaka na mtoto mgongoni. Tangu Mutukula hakusema neno. Rozari tu ndiyo iliyotembea vidoleni mwake.

Kampala ilitushangaza. Bukoba yetu imetulia kando ya Ziwa, na mtu husalimiwa kabla hajamaliza barabara moja. Mji huu umepanda vilima: Rubaga pana Kanisa Kuu letu, Namirembe la Waanglikana, Kibuli msikiti. Bondeni, katika kituo cha magari ya abiria, bodaboda zilitupita kila upande, nasi tukajiona wadogo mno. Masikio peke yake yalihisi yapo nyumbani: maji, ambayo Wahaya huyaita amaizi, wao huyaita amazzi, na mtoto ni omwana kwao na kwetu.

Tulipohesabiana pale kituoni, mama yule hakuwepo. Tulimtafuta karibu saa nzima, kwa hofu na kwa kulaumiana. Hatimaye tukamwona akija, ameshikwa mkono na mwanamke muuza ndizi za kuchoma, aliyemwachia jirani biashara yake. Walikuwa wakizungumza, huyu kwa Kihaya, yule kwa Kiganda. Mama akatuambia: "Miaka yote hii nimewaogopa watu wa huku. Leo mmoja wao amenishika mkono kama ndugu yake."

Wapendwa, furaha yetu ilichanganyika na aibu. Tulimkumbuka kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyefika parokiani kwetu jioni akiomba mahali pa kulala. Tulimhoji sana juu ya karatasi zake kabla ya kumwuliza kama amekula. Aliondoka kabla ya Misa ya asubuhi, wala hatukumfuata. Nasi ndio tulioipokea Injili mwaka 1892 kutoka kwa wageni, wamisionari waliofika Kashozi wakitokea Uganda!

Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Kristo anajihesabu mwenyewe miongoni mwa wageni. Tulisafiri mbali kuwaheshimu mashahidi, na somo tukafundishwa na muuza ndizi.

Basi juma hili, kila familia na imtafute mgeni mmoja katika kigango chake. Swali la kwanza liwe hili: umekula?

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.