Nani Ataitwa, Nani Ataachwa?

Kuna watu hapa Kitengela wanaoweza kukosa chakula cha mchana lakini hawawezi kukosa maoni juu ya kikosi cha Harambee Stars. Nenda kwa kinyozi, nenda kwenye steji ya matatu, nenda hata sokoni kwa mama wa sukuma wiki, wakati wa mashindano swali ni moja tu: "Safari hii nani ataitwa?" Kila mtu ana orodha yake kichwani, na kila mtu ameshaapa kwamba kocha akimwacha fulani, basi kocha huyo hajui mpira.

Mimi pia ni mgonjwa wa ugonjwa huo. Tofauti ni kwamba wenzangu husema, mimi huandika. Nina daftari la kurasa 96 ambalo halina hesabu wala jiografia. Lina majina ya wachezaji tu. Wenzangu wa bweni huniita Mganga, ati napiga ramli. La hasha! Kutabiri kikosi si ramli. Ni hesabu, na leo nataka niwafunulie hesabu zenyewe, kisha niwaeleze ni kwa nini siku hizi nikiandika jina la mtu huandika na kitu kingine kando yake.

Tuchukue mashindano ya CHAN yaliyochezwa Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025. Mwezi wa Julai, kabla ya kufunga shule, hapakuwa na mazungumzo mengine hapa. Kikosi kilitakiwa kuwa na wachezaji 25. Msikilizaji wa juu juu atasema, "Ishirini na tano ni wengi!" Hebu tuhesabu. Ondoa walinda lango watatu, wamebaki 22. Uwanjani mbali na golikipa kuna nafasi kumi, na kocha yeyote mwenye akili anataka watu wawili kwa kila nafasi, mmoja wa kuanza na mmoja wa kumsaidia. Hao ni 20. Wamebaki wangapi? Wawili! Basi nchi nzima inagombania nafasi mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mchezaji mzuri sana na bado akaachwa. Hakuachwa kwa ubaya wake, ameachwa kwa sababu katika nafasi yake kuna wawili wengine.

Hesabu ya pili ni ya sheria. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na nadhani walioanzisha CHAN waliisikia methali hiyo, kwa maana mashindano hayo yalikuwa ya wachezaji waliosakata kabumbu katika ligi ya nchi yao tu. Michael Olunga, pamoja na mabao yake yote, hangeweza kuchezeshwa kwa kuwa alikuwa akicheza ng'ambo. Na hapo ndipo palipo na mtego. Moses Shumah alikuwa mfungaji hodari wa Kakamega Homeboyz katika msimu wa 2024/25. Katika daftari langu nilimwandika mapema, kwa kalamu nyekundu. Kisha akasajiliwa na Power Dynamos ya Zambia, na jina lake likatoka lenyewe. Unaona? Bahati ilimfungulia mlango mmoja ikamfungia mwingine. Kwa hiyo anayetabiri kikosi lazima ajue si nani anacheza vizuri tu, bali nani anapanda ndege.

Hesabu ya tatu ni ya kocha mwenyewe. Mashindano hayo yalikuwa yafanyike Februari 2025 kisha yakaahirishwa hadi Agosti. Mwezi wa Januari wachezaji wa nyumbani walikuwa chini ya Francis Kimanzi, naye ndiye aliyewapeleka Pemba kwenye Kombe la Mapinduzi. Machi akaja Benni McCarthy kutoka Afrika Kusini kuinoa timu ya taifa, na Agosti yeye ndiye aliyekuwa kwenye benchi. Miezi michache tu, lakini mtu aliyekuwa kipenzi cha kocha wa kwanza ilimbidi aanze kubisha hodi upya. Kila kocha ana mpira wake kichwani. Mmoja anataka winga wa mbio, mwingine anataka winga atakayerudi kumsaidia beki.

Wanaobishana kwa kinyozi hawakubali hesabu hii ya tatu. Hadi leo ukitaja mwaka 2019 utasikia kelele. Mwaka huo Kenya ilikwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika chini ya Mfaransa Sébastien Migné, na nafasi zilikuwa 23. Migné akamwacha Jesse Were, mshambuliaji wa ZESCO United ya Zambia, ambaye karibu kila Mkenya alikuwa ameshampa jezi. Huko Misri tulifungwa na Algeria 2-0, tukaifunga Tanzania 3-2, tukafungwa na Senegal 3-0, tukarudi nyumbani. Olunga alifunga mawili dhidi ya Tanzania na Johanna Omolo moja. Je, Were angeongeza bao? Hakuna anayeweza kuthibitisha, na ndiyo maana ubishi haujaisha. Mtu aliyeachwa hawezi kushindwa, wala hawezi kushinda. Anabaki katika midomo ya watu tu.

Aliyeitwa naye ana nafasi ya kujibu. Agosti 2025 pale Kasarani, Austin Odhiambo wa Gor Mahia alifunga bao lililoizamisha DR Congo 1-0, akafunga tena tulipotoka sare ya 1-1 na Angola. Ryan Ogam wa Tusker akaifunga Morocco, kisha akaifunga Zambia, zote 1-0. Tukaongoza kundi kwa alama kumi. Kitengela nzima ilipiga honi! Tarehe 22 Madagascar wakatutoa kwa penalti katika robo fainali baada ya sare ya 1-1, na Morocco ile ile tuliyoifunga ndiyo iliyochukua kombe. Mwezi huo huo Ogam akasajiliwa Austria na Wolfsberger AC. Kijana mmoja, jina lake kuwa kwenye karatasi, na maisha yamegeuka.

Sasa, msomaji wangu, nitoke Kasarani nije nyumbani, kwa maana hesabu hizi zilinigusa mwenyewe.

Nina kaka aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2024. Ni winga wa kulia, ana mbio, na mtaani hawamwiti kwa jina lake bali "Namba Saba". Kazi yake ni kupakia simiti na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, analipwa kwa siku. Likizo ya Agosti akasikia kwamba timu moja ya ligi za chini inafanya mchujo wa siku mbili katika kiwanja kimoja mjini Kajiado. Siku mbili ni ujira wa siku mbili. Mama alimtazama sana, halafu akatoa nauli ya watu wawili. "Nenda na mdogo wako," akasema, "mkae pamoja." Basi Jumamosi alfajiri tukapanda matatu, tukapita Isinya, kama kilomita 50, hadi Kajiado.

Upepo wa huko mnaujua. Vumbi lilikuwa linawachezesha vijana kabla ya mpira kuwachezesha. Walikuwa 54, nami nilikaa chini ya mgunga na daftari langu. Tulisikia wanatafuta 18 tu. Nikaanza hesabu zangu. Walinda lango wawili. Mabeki, viungo, washambuliaji. Nilipofika kwa mawinga wa kulia nikawahesabu tisa, na wawili kati yao walikuwa wameshafanya mazoezi na timu ile mwezi mzima. Hata kocha alikuwa akiwaita kwa majina. Kwa upande mwingine beki wa kushoto wa kweli alikuwa mmoja tu. Ilipofika jioni nilikuwa na majina 18, na jina la kaka yangu halikuwamo.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi akaniuliza, "Dogo, umeandika aje?"

Ningeweza kulifunga daftari nikamwambia, "Bado sijamaliza." Lakini yule ni kaka yangu, si mtu wa kudanganywa kama mtoto. Nikampa. Akasoma kimya mpaka taa za Isinya.

"Kwa hivyo mimi siko."

"Hauko, kaka. Si mbio zako. Wa upande wako ni tisa, na wawili ni wenyeji wao. Lakini angalia hapa, beki tatu kuna mmoja tu."

"Mimi si mtu wa kushoto."

"Najua."

Hatukusema lolote tena hadi nyumbani. Siku ya pili, kabla ya kuanza, nilimwona akimfuata kocha. Alicheza beki wa kushoto dakika kama kumi na tano. Mara mbili alimnyang'anya winga mpira bila faulo, na mara moja alipitwa kama mti. Saa kumi mtu mmoja aliegemea gari lake, akasoma majina 18 kutoka kwenye karatasi, akaikunja, akaingia garini. Kaka hakutajwa. Katika orodha yangu nilipata 15 kati ya 18, na tangu nianze kuandika sikuwahi kupata nyingi hivyo. Lakini sikufurahi hata kidogo.

Lililoniuma si kuachwa kwake. Lililoniuma ni wale vijana 36 waliobaki wamesimama wakiwa bado wamevaa zile fulana za mazoezi, hakuna aliyewaambia hata "asanteni". Mmoja aliuliza kwa sauti, "Na sisi wengine je?" Gari lilikuwa limeshafika lami. Mwishowe kaka ndiye aliyepita akizikusanya zile fulana, akazikunja, akaziacha kwa mlinzi wa kiwanja.

Njiani nilimwambia pole. Akaniambia, "Wewe umeniacha tangu jana, lakini umeniambia sababu. Hao wameniacha na sijui kama ni mguu, ama ni umri, ama ni sura."

Naam, neno hilo limebaki nami. Nafasi hazitoshi, hilo halina dawa. Chanda chema huvikwa pete, lakini vidole ni kumi. Kocha ana haki ya kuchagua, na wala si lazima achague kama sisi. Lakini kijana aliyetoka usiku na nauli ya mama yake anastahili neno moja: "Wa nafasi yako ni wengi," au "Ongeza pumzi," au "Jaribu upande wa pili." Neno hilo halina gharama. Bila neno hilo kijana hawezi kujua aende akafanye nini kesho.

Ndiyo maana tangu Agosti daftari langu lina safu ya tatu. Kuna jina, kuna nafasi, na kuna sababu. Fauka ya hayo, tuliporudi shule nilimwomba mwalimu wetu wa michezo kwamba orodha ya timu ikibandikwa, walioachwa waitwe mmoja mmoja waelezwe. Alinitazama, akacheka, akasema, "Wewe Mganga wataka kunipa kazi." Mchujo uliofuata akawaita. Wawili walitoka wakilia, lakini wote wawili walikuwa mazoezini Jumatatu.

Kaka bado anapakia simiti. Jumapili huchezea timu ya mtaa, na kama ukipita uwanjani usimtafute upande wa kulia, yuko beki tatu. Mimi nimeshapiga mistari ya ukurasa mpya. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kelele za kwa kinyozi zimeshaanza. Mwenye jina aniletee, lakini aje na sababu zake.