Ndege wa Nakivale, na swali la mama mmoja

Mnatuona Jumamosi asubuhi kando ya ziwa Nakivale, watu watano na darubini moja, mnacheka. Sawa, chekeni. Lakini wengi mnauliza pia tunatafuta nini kwenye matope, basi tunajibu.

Tunahesabu ndege. Saa kumi na mbili na nusu tunaanza, njia ni ileile kila mara. Mmoja anaangalia, mmoja anaandika, wengine wanasikiliza. Kundi kubwa la yangeyange huwezi kuhesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi, halafu unakadiria kumi hao wanaingia mara ngapi. Anayeruka kutoka mbele kuja nyuma yetu tunamwandika. Anayetoka nyuma kwenda mbele tunamwacha, huyo tulishampita. Na tukikosa kabisa, tunaandika sifuri. Hii ndiyo ngumu kuwaeleza wapya.

Eneo haliitwi muhimu kwa ndege sababu ni zuri. BirdLife International wanaangalia kama kuna aina iliyo hatarini duniani, kama kuna wasiopatikana sehemu nyingi, au kama ndege wanakusanyika hapo kwa wingi sana. Yote hayo yanataka hesabu, tena za miaka mingi. Korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, ambaye Warundi na Wanyarwanda wanamuita umusambi, yuko kwenye daraja la walio hatarini tangu 2012. Anataga kwenye mabwawa yenye nyasi. Na mabwawa, tuseme ukweli, ndiyo tunayolima.

Hapo ndipo mama mmoja Mkongomani alipotusimamisha. Korongo wawili wametaga karibu na mahindi yake.

“Batoto bangu, musiandike hapa. Mukiandika, kesho watakuja kunifukuza.”

Tulikaa naye muda mrefu. Tukamwambia kwamba mabwawa ya Mburo na Nakivale yako kwenye orodha ya dunia ya Ramsar tangu 2006, yeye mwenyewe aliikuta, na daftari letu haligawi ardhi wala haliichukui. Ila kumwahidi kwamba hakuna mtu atakayeitumia namba yetu vibaya, hatukuweza. Sisi wenyewe ni watu wa kuhesabiwa. Kila uhakiki tunasimama foleni, na tunajua namba inaweza kukuongezea chakula au kukupunguzia.

Mwisho tulielewana hivi: idadi inaandikwa, korongo wawili, kiota kimoja. Mahali penyewe hapatajwi, na hakuna kupiga picha ya kurusha Facebook, maana wanaokamata vifaranga wa korongo kwa kuuza nao wana simu. Tukaandika pia kwamba mama ameacha hatua kama ishirini kuzunguka kiota bila kulima, kwa hiari yake, na hakuna aliyemlipa. Fomu haina nafasi ya habari kama hiyo. Tuliiandika pembeni kwa kalamu.

Wawili kati yetu bado wanasema tungemsikiliza tu, tusiandike kitu. Wengine tunaona korongo asiyeandikwa ni rahisi kupotea bila mtu kuulizwa. Ubishi huo haujaisha, tunaubeba kila Jumamosi.

Jumamosi hii tunatoka tena. Tunamtafuta mtu anayejua majina ya ndege kwa Kisomali, na mwenye buti za ziada namba 42.