Barabara Kuu Haizoeleki kwa Siku Moja

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Sijui kama kuna mahali methali hii inathibitika upesi kama juu ya magurudumu mawili katika barabara kuu. Huku kwetu Kericho na Bomet, ni nadra leo kukosa boma lenye kijana aliye na pikipiki, au anayeitamani usiku na mchana. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, chombo hiki kimepenya hadi kwenye vijia vya mashamba ya majani chai ambako zamani tulipita kwa miguu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule ya msingi mjini Kericho. Nilijifunza kuendesha pikipiki nikiwa na umri wa miaka 41. Mama yangu mzazi anaishi upande wa Bomet naye ana ugonjwa wa kisukari. Si mara moja wala mbili nilipata habari za kuugua kwake jioni, matatu za kupitia Litein na Kaplong zikiwa zimekwisha. Nikanunua pikipiki ya cc 125, nikasoma, nikatahiniwa, nikapata leseni. Lakini kuzunguka mtaani ni jambo moja, na kuingia barabara kuu ni jambo lingine kabisa. Siku za kwanza, kila trela lililonipita lilinibana kifua hadi nikasahau kupumua.

Leo mwanangu wa kwanza, mwanafunzi wa chuo, ananiomba pikipiki hiyo. Marafiki zake wanayo, na kwao kuizoea barabara kuu ni kuacha kuiogopa. Sina budi kumpa jibu. Huenda nawe mzazi unaulizwa swali lilo hilo nyumbani kwako, au wewe kijana ndiwe muulizaji. Basi tuketi pamoja kidogo.

Aliyenifunza ni mzee mmoja aliyestaafu baada ya kuendesha pikipiki miaka mingi katika mashamba ya majani chai. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, usitafute raha barabarani. Tafuta nafasi. Ukipata nafasi, raha itakufuata yenyewe." Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa pole pole, kilomita baada ya kilomita.

Alianza na mikono. Mgeni wa barabara hushika usukani kwa nguvu zake zote, kana kwamba pikipiki inataka kumtoroka. Kumbe kukaza mikono ndiko kunakoiyumbisha. Lori kubwa linapokupita husukuma hewa kando, kisha upepo hubadilika ghafla mwili wake ukishapita. Kama viwiko vimekakamaa, kila msukumo wa upepo unafika kwenye gurudumu la mbele. Bana tangi kwa magoti, legeza mabega, acha mikono iwe laini. Pikipiki itatikisika kidogo, kisha itajinyoosha. Nilipolijua hilo, nusu ya hofu yangu ilikwisha.

Halafu akaja kwenye macho. Barabara zetu zina kona nyingi, na pikipiki huelekea yanakoelekea macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Ukitazama mwisho wa kona, utatoka salama upande wa pili. Punguza mwendo na ubadilishe gia kabla hujaingia kona, usingoje hadi uwe katikati yake. Katika mteremko mrefu, tumia gia ya chini ili injini ikusaidie kuzuia mwendo. Na breki ya mbele, ambayo wengi wameambiwa waiogope, ndiyo yenye nguvu zaidi. Ifinye taratibu pamoja na ile ya nyuma, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Sasa tuje kwenye ile nafasi. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inapopita umekwisha kumeza karibu mita 17 za barabara. Ukifika 80, ni mita 22. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali unaohitajika ili breki ikusimamishe haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo chagua mlingoti au mti kando ya barabara. Gari lililo mbele likiupita, anza kuhesabu sekunde. Ukiufikia kabla ya mbili kutimia, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu nne. Na ukiwa nyuma ya lori huoni vioo vyake vya pembeni, jua kwamba dereva naye hakuoni.

Mzee hakuniruhusu kwenda mbali mara moja. Tulianza asubuhi za Jumapili, ukungu ukishainuka na magari yakiwa machache. Majuma ya kwanza niliishia Chemosit na kurudi. Kisha nikafika Litein. Ilichukua miezi kabla ya kuiona Kaplong, na kila siku nilikuwa na somo moja tu: leo upepo wa malori, kesho kona, kesho kutwa kuingia barabara kuu kutoka njia ya udongo. Wanafunzi wangu hawaanzi hesabu kwa kugawanya. Kwa nini mimi nianze kwa safari ya Bomet?

Nchi hii ya majani chai ina mitego yake pia. Mvua ya alasiri ni desturi hapa, na Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi. Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye utelezi mbaya, kwani maji huelea pamoja na mafuta na vumbi lililokuwa juu ya lami. Mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda hutia kivuli barabarani, ukakuta lami ingali imelowa chini yake hata jua likiwaka kwingine. Trekta zikitoka mashambani huacha matope kwenye makutano. Wachumaji huvuka barabara kwa makundi, na malori ya majani mabichi husimama kwenye vituo vya kununulia. Ukiyajua haya kabla ya kuyaona, hayatakushtua.

Wala usidhani hatari huwapata wenye mbio tu. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likawavamia watu kando ya barabara, wakiwemo wachuuzi, abiria na waendeshaji bodaboda. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwa safarini hata kidogo. Tangu siku hiyo mimi sisimami kwenye ukingo wa barabara kuu kujibu simu au kuvaa koti la mvua. Nasogea mbali, nyuma ya kitu imara, au naingia kituo cha petroli.

Sheria yetu inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti lenye kung'aa, na abiria asizidi mmoja. Usivae kwa kumwogopa askari. Tafiti nyingi zilizochambuliwa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ifungwe kidevuni. Helmeti iliyoning'inizwa mkononi inalinda kiwiko.

Msomaji mpendwa, nimesema nilinunua pikipiki kwa ajili ya mama. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili simu ililia saa tatu. Sukari ya mama ilikuwa imeshuka, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki. Nje, mvua ilikuwa ikipiga mabati hadi hatusikilizani. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeizoea njia ile. Kona zake nilizijua kama mistari ya kiganja changu. Mwanangu alikwisha kunishikia helmeti mlangoni. Nikaitazama, nikamwambia airudishe ndani.

Nilimpigia jirani wa mama, nikamweleza ampe chai yenye sukari nyingi maadamu bado anaweza kumeza, na atafute gari la kumpeleka hospitali. Jirani huyo ana pikapu kuukuu, wakaondoka. Sikupata usingizi. Asubuhi, mvua ilipokatika, niliwasha pikipiki nikaenda, nikamkuta mama ameketi kitandani akiuliza kwa nini nina macho mekundu. Tangu hapo nambari ya jirani, ya zahanati na ya dereva wa teksi zimebandikwa ukutani mwake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeizoea barabara kuu. Yule mgeni aliyekuwa akibanwa na kifua angekwenda usiku ule kwa kuona aibu kukaa, na kijana mwenye kujiamini kupita kiasi angekwenda kwa kutojua. Mazoea ya kweli humpa mtu uwezo wa kusema leo hapana, hata anapopendwa na kusubiriwa upande wa pili.

Jibu langu kwa mwanangu basi ni hili. Ataipata pikipiki, baada ya kusoma na kupata leseni yake mwenyewe. Miezi mitatu ya kwanza hatabeba abiria, hatatoka usiku, wala hataingia barabara kuu mvua ikinyesha. Atakwenda Chemosit kabla ya Litein, na Litein kabla ya Kaplong. Amenuna kidogo, akasema wenzake watamcheka. Wacha wamcheke.

Nawe mzazi, kabla hujasema ndiyo au la nyumbani kwako, usimuulize kijana kama ana ujasiri, maana atakwambia anao. Muulize ni siku gani ambayo hataondoka. Kama hana jibu, bado hajawa tayari.