Masika ya Pareto

Kwetu Kinangop mvua ya masika haikuwa ya mahindi. Kule juu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400, mahindi hukaa shambani miezi minane au tisa, na sakitu ikiyapitia vibaya mnabaki na mabua ya ng'ombe tu. Masika ilikuwa ya pareto. Kabla mawingu hayajaanza kuteremka kutoka milima ya Nyandarua, Mama alikuwa ameshapita kila tuta na panga, akikata mashina makavu ya msimu uliopita hadi karibu na udongo. Mpita njia angedhani tunaondoa shamba. Sisi watoto tulijua kazi ndiyo kwanza inakuja.

Asiyeijua pareto akiiona ikichanua atadhani ni pambo: ua jeupe lenye kitovu cha manjano, jamii moja na maua ya bustani za mjini. Ndani yake mna sumu ya wadudu. Haiko kwenye petali. Imo hasa katika vijimbegu vilivyojipanga chini ya kile kitovu. Mbu na nzi huanguka, binadamu hupiga chafya na pengine kuwashwa mikono. Asili ya mmea huu ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, na walowezi waliuleta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Siku hizo Japani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa pareto duniani. Japani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Marekani na Uingereza zikakosa pareto ya Japani huku majeshi yao yakiliwa na mbu na chawa, na nyanda za juu za Kenya zikatakiwa kujaza pengo hilo. Babu alikuwa kibarua kwa mlowezi wakati huo. Alikuwa akituambia kwamba alipigana na Wajapani kwa kuchuma maua, na hakuwahi kucheka akisema hivyo.

Baba alipata kipande chake mashamba ya walowezi yalipogawanywa miaka ya uhuru. Udongo wetu ni mzito, maji hayanywewi haraka, na pareto haipendi kusimama majini. Ndiyo maana masika ilianza kwa matuta. Kisha mashina ya zamani, yaliyokaa miaka mitatu au minne na kuchoka, yaling'olewa na kupasuliwa. Mama alikuwa akilishika shina kwa mikono miwili, analitikisa udongo udondoke, halafu analichana taratibu akitafuta mahali linapokubali lenyewe. Kila kipande lazima kitoke na mizizi yake. Kisichokuwa na mizizi alikitupa nyuma bila kukitazama, na mtoto aliyekiokota na kukipanda aliambiwa akakifukue.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wanawake wa mtaa walifanya ngwatio: leo kwetu, kesho kutwa kwa jirani, hadi kila shamba limepandwa kabla mvua haijalegea. Mwenye shamba alitoa chai na githeri. Huko ndiko nilikojifunza habari zote za watu, nani ameposwa, ng'ombe wa nani amekauka, kwa sababu aliyeinama na jembe husahau kwamba nyuma yake kuna mtoto anayesikiliza.

Pareto iliyopandwa masika huanza kuchumwa baada ya miezi mitatu au minne, na mashina ya zamani huwahi zaidi. Kuanzia hapo unarudi kwenye tuta lilelile kila baada ya wiki mbili hivi, karibu mwaka mzima. Kuchuma kuna ustadi wake. Kile kitovu cha manjano kimeundwa kwa viua vidogo sana vinavyofunguka mzunguko baada ya mzunguko, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ukichuma kabla havijafunguka, sumu ni kidogo. Ukichelewa hadi ua likawa la kahawia, imeshapungua. Mama alitufundisha kutazama mizunguko: karibu yote iwe imefunguka, katikati pabaki padogo pamefumba. Unaliweka ua kati ya vidole viwili, unalibonyeza kwa dole gumba, linakatika bila kikonyo. Kikonyo kina uzito lakini hakina sumu, na mizani ikikiona utakatwa bei. Tena usichume maua yenye umande, maana yaliyolowa huchemka ndani ya kikapu na kuharibika. Kwa hiyo asubuhi tuliachiwa shule, ila tulikuwa na haki ya kuchukia kila alasiri yenye jua.

Taabu kubwa ilikuwa kukausha. Jua la masika huko juu hujitokeza kwa saa moja kisha likajificha siku mbili. Tulitandaza maua kwa safu nyembamba juu ya nyavu zilizoinuliwa, mvua ikitishia tunayabeba ndani mbio, na yaliyogoma kukauka yalimaliziwa juu ya moto wa polepole. Nyumba nzima ilinuka uchungu ule. Maua yalisinyaa vibaya: kilo nne mbichi au zaidi zilitoa kilo moja kavu.

Hilo gunia, lililoanza kwa panga la Mama, likapita vidole vyetu na kukaushwa kwa kuni alizobeba yeye, likifika kwenye chama cha ushirika liliandikwa kwa jina la Baba. Mwanachama alikuwa yeye, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Karani alipima, akaandika kwenye kitabu cha Baba, na mwisho wa mwezi Baba akavaa koti akaenda kuchukua hela. Wazee wa kwetu hupenda kusema kwamba pareto ndiyo iliyosomesha Kinangop. Ni kweli, karo yetu ilitoka hapo. Lakini hawamalizi sentensi. Karo ilitoka baada ya hela kupita kwenye hoteli mbili na duka la bia.

Mwaka mmoja Mama alichoka. Alipalilia, akakama ng'ombe, akapika, akatulia. Maua yakachanua, yakazeeka tutani, shamba likageuka kahawia tukilitazama. Baba alipouliza, akajibiwa: "Maua ya mwenye kitabu na yachumwe na mwenye kitabu." Hapakuwa na kelele. Shangazi aliitwa, wakakaa jikoni hadi usiku, na ikaamuliwa kwamba mchumo mmoja utakuwa wa Baba na unaofuata wa Mama, naye atauza wake kwa kitabu cha jirani mjane. Mabati ya jikoni yalinunuliwa na zile zamu za Mama.

Kisha malipo yakaanza kuchelewa. Mwanzo mwezi, baadaye miezi, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000 watu walikuwa wanashikilia risiti za maua ambayo walishasahau siku waliyoyachuma. Wataalamu wakieleza anguko la pareto ya Kenya, hutaja sumu za viwandani, na hawakosei: mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza permethrin, iliyoigwa kwenye sumu ya pareto lakini haiharibiwi upesi na jua kama ile ya asili. Hutaja pia Tasmania, Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Nchi yetu, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia, ikawa haionekani sokoni. Mimi nasema mkulima wa Kinangop hakuwa na habari ya Tasmania wala Rothamsted. Aling'oa kwa sababu hakulipwa.

Baba alipanda viazi mahali pale pale. Masika ikawa kitu kingine kabisa. Pareto ilitaka vidole vingi kwa mwaka mzima na ililipa kidogo kidogo. Viazi, hasa aina ya shangi, vinataka nguvu za siku chache na pesa mkononi kabla hujaanza: mbegu, mbolea, na dawa ya kunyunyiza kila mvua inapozidi, la sivyo majani yanaungua yote. Watu waliokuwa wakiuza sumu ya wadudu wakawa wanunuzi wa sumu. Baada ya miezi mitatu lori linakuja, dalali anataja bei, na viazi vinashindiliwa kwenye gunia lililoongezewa kichwa juu, tunaloliita mukurino. Mkulima anajaza gunia moja na nusu, analipwa moja. Hela inakuja rundo moja, na inapokelewa na aliyesimama karibu na lori. Mama hakuwa akisimama karibu na lori.

Ngwatio nayo ikafa, kwa kuwa viazi huchimbwa na vijana wa kulipwa kwa siku. Dada yangu mdogo, aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko sisi sote, aliteremka Naivasha kukata waridi za kwenda Ulaya. Bado ni maua, ila yanakuja na buti za mpira, msimamizi na karatasi ya mshahara yenye jina lake mwenyewe. Hakuwahi kusema anaikumbuka pareto.

Sheria ya 2013 ilifungua biashara ya pareto kwa kampuni binafsi, na taratibu watu wakaanza kuja na miche. Hii haipasuliwi tena kutoka mashina ya nyumbani. Inaletwa ikiwa imeoteshwa kitaluni, imejipanga sawasawa. Mama aliitazama kwa dharau kidogo, akauliza mizizi yake iko wapi, kisha akaomba ya robo ekari. Matuta aliyafanya vilevile. Kukausha kumekuwa rahisi: banda la karatasi ya nailoni hunasa hata jua la masika. Kuchuma bado ni vidole vile vile, na wachumaji siku hizi ni vibarua wawili anaowafundisha mizunguko ya kitovu kwa ukali uleule.

Mtu wa kuandikisha wakulima alipofika aliuliza namba ya simu ya kupokelea malipo. Kaka yangu, ambaye shamba sasa liko kwa jina lake, akaanza kutaja yake kwa mazoea. Mama akamkatiza, "Hiyo ni ya viazi," akataja yake tarakimu moja moja. Malipo huingia kwenye M-Pesa yake, na namba ya siri hajampa mtu, hata mimi. Kaka akikwama mbolea wakati wa kupanda, humkopa Mama na kumrudishia viazi vikiuzwa. Masika iliyopita bei ilianguka, na deni hilo bado halijalipwa.